Risiti ya laki tatu kwa mzigo wa laki nane

Mdogo wangu, unasema bosi wako hapo Kariakoo anakutaka utoe risiti ya laki tatu kwa mzigo wa laki nane, na Jumapili unasimama mbele na kwaya. Unauliza kama hiyo ni dhambi yako au yake.

Ni yenu wote, maana kidole kinachobonyeza mashine ni chako.

Mithali 11:3 inasema ukamilifu wa wenye haki utawaongoza. Neno hilo ukamilifu, kwa Kiebrania, lina mzizi mmoja na neno lililotumika kwa mwana-kondoo wa Pasaka katika Kutoka 12, yule asiye na ila. Maana yake ni kitu kizima, kisichogawanyika. Wewe sasa hivi umegawanyika: mmoja wa Jumapili, mwingine wa Jumatatu. Ndiyo maana usingizi hauji. (Mungu hajakuacha, angekuwa amekuacha ungelala fofofo.)

Sikwambii uache kazi kesho. Kodi ya chumba naijua. Mwendee bosi faraghani, bila kumhubiria, mwambie: "Shikamoo bosi, kazi yako naipenda, ila risiti ya namna hii siwezi kuitoa mimi." Usimtishie kwamba utamshtaki TRA, mamlaka ya mapato. Huku anza kuulizia kazi kwingine kimyakimya, maana anaweza kukufukuza kweli. Danieli naye uaminifu wake ulimfikisha kwenye tundu la simba kwanza.

Na ile elfu ishirini anayokupa "ya soda" kila baada ya risiti hizo, usiipokee tena. Hapo ndipo pa kuanzia, hata leo jioni.