Programu imesema asilimia 97, mbona wewe unasema siye?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza na mlezi wa klabu ya mazingira. Wanafunzi wamepiga picha za vipepeo katika bustani ya shule kwa simu yangu, nakutumia nne. Wa kwanza ni wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye utepe mweupe. Wa pili ni chungwa tupu, hana ncha nyeusi. Wa tatu ni kama wa kwanza, alikuwa chini kwenye magugu. Wa nne ni mdogo kuliko wote, naye ni chungwa. Programu ya simu imempa wa kwanza na wa tatu jina moja, Danaus chrysippus, asilimia 98 na 97. Jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, ambaye watu humwita mtaalamu, anasema wa pili ni spishi nyingine kabisa, tena adimu. Tunataka kuchora ubao wa vipepeo wa shule. Nitumie programu gani iliyo sahihi zaidi, au ninunue kamera bora?

JIBU: Mwalimu, kamera usinunue. Na programu yoyote utakayopakua itakufikisha pale pale, maana tatizo haliko kwenye simu. Liko kwenye swali ambalo simu inaulizwa.

Majina kwanza, ili wanafunzi wasinisubiri. Wa kwanza ni Danaus chrysippus, hapo programu imepatia. Wa pili, huyo "adimu", ni Danaus chrysippus vilevile, na kwa Afrika Mashariki ni wa kawaida kabisa. Wa tatu, mwenye asilimia zake 97, siye. Huyo ni jike la Hypolimnas misippus. Wa nne nitamrudia mwishoni.

Sasa shika simu. Fungua picha ya tatu uivute kwa vidole mpaka bawa la nyuma lijae kioo. Usiangalie chungwa, wala ncha nyeusi, wala ule utepe mweupe. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mdudu huyu anataka uviangalie. Tafuta madoa meusi ndani ya bawa la nyuma. Utaliona moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Rudi kwenye picha ya kwanza, ambayo kwa bahati nzuri kipepeo amefunga mabawa. Hapo kuna madoa matatu yamejipanga katikati ya bawa, na la nne chini yake, lina weupe katikati. Hilo la nne ni kifuko cha harufu cha dume. Jike huwa na yale matatu tu. Kwa hiyo picha moja ya simu ya kawaida imekupa spishi, na jinsia juu yake. Ukitaka shahidi wa pili, tazama ukingo wa nje wa bawa la nyuma: wa Hypolimnas umetengeneza mawimbi mawimbi, wa Danaus ni laini. Na shahidi wa tatu ni kichwa na kifua: vya Danaus ni vyeusi vyenye vidoa vyeupe kama ndege kanga.

Hilo lilikuwa jibu la swali lako. Kinachonikera ni kwamba kila wiki napokea picha za namna hii na kila mtu anauliza "programu ipi", kana kwamba tunachagua dawa ya mbu.

Kiwavi wa Danaus chrysippus hula mimea yenye utomvu mweupe, kama ile Calotropis yenye majani mapana inayoota kandokando ya barabara, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini mpaka anapokuwa kipepeo. Ndege akimla anatapika, na kuanzia siku hiyo akiona chungwa lenye ncha nyeusi anageuza shingo. Jike la Hypolimnas misippus hana ulinzi huo. Anavaa sare ya mwenye sumu, basi. Dume lake wala halihangaiki: ni jeusi, lenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na buluu inayong'aa, na ukiwaona wawili hao pamoja huwezi kudhani ni mke na mume.

Programu ya picha kazi yake ni kulinganisha. Haiulizi "huyu ni nani?" Inauliza "huyu anafanana na nani?" Ukiipa twiga, maswali hayo mawili yana jibu moja. Ukiipa mdudu ambaye vizazi na vizazi vyake vimechujwa na macho ya ndege, wale wanaofanana kidogo wakaliwa na wanaofanana sana wakabaki, unauliza swali ambalo mdudu mwenyewe alishaliandalia jibu la uongo. Ndege ana njaa na anatazama kwa makini kuliko simu yako, naye anadanganyika.

Na hiyo asilimia 97 isomwe ilivyo. Wewe ni mwalimu, unayajua maswali ya kuchagua. Tuseme umetunga swali lenye A mpaka D, na kwa bahati mbaya jibu sahihi halimo. Mwanafunzi hataacha wazi, atazungushia herufi mojawapo, tena kwa kujiamini. Programu inagawa alama kati ya majina iliyofundishwa. Jina likiwa halimo kwenye orodha yake, au limo kwa picha tatu tu zilizopigwa India, alama zitaenda kwa jirani yake. Sizikatai programu, mimi mwenyewe ninayo moja kwenye simu. Inanisogeza mpaka kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, haraka kuliko kitabu. Kutoka hapo naendelea kwa miguu.

Huyo jamaa wa WhatsApp naye tumwelewe, kisha tumnyamazishe. Hilo umbo la chungwa tupu lina jina lake, dorippus. Mwaka 1845 Klug, mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, alilieleza kama spishi kamili, na mabishano yalidumu miaka mingi baada yake. Lakini maumbo haya hupandana na kuzaa. Nairobi na maeneo yanayoizunguka hukutana kwa wingi, na huko baadhi ya majike hubeba bakteria wanaoua watoto wa kiume wangali mayai, ndiyo maana kuna nyakati unakuta karibu wote ni majike. (Hiyo ni habari ya siku nyingine, na ni tamu kuliko hii.) Ukienda Afrika Magharibi utakuta wenye bawa jeupe la nyuma, nao ni Danaus chrysippus. Na yule mwigaji wetu ana toleo la kuiga kila mmoja: wapo majike wa Hypolimnas misippus wa chungwa tupu, bila ncha nyeusi, sawasawa na dorippus. Kwa hiyo hata picha ya pili nisingeipitisha kwa rangi. Nimeipitisha kwa madoa ya bawa la nyuma, nimeyahesabu.

Kosa hilo hugeuka pia upande wa pili. Kuna Precis octavia wa nyanda za juu. Anayezaliwa wakati wa mvua ni mwekundu wa machungwa. Anayezaliwa kiangazi ni wa buluu. Mama mmoja, mimea ile ile. Nimeshaletewa picha hizo mbili na mtu aliyekuwa tayari kuapa kwamba ni spishi mbili.

Halafu kuna hili la miguu, ambalo ningependa kila mwongoza watalii wa msitu wa Amani alijue kabla hajafungua simu. Kuna Amauris niavius, mkubwa, mweusi na mweupe, mwenye sumu. Kuna Papilio dardanus, ambaye dume ni wa njano mwenye mikia, na majike yake ya huku bara hayana mikia na yana sare kadhaa. Mojawapo ya sare hizo ni nyeusi na nyeupe, ya Amauris niavius. Mwaka 1869 Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu kule Rasi ya Afrika Kusini, alipoandika kwamba vipepeo waliokuwa wakihesabiwa spishi mbalimbali ni majike ya dume mmoja, wapo waliomwona kachanganyikiwa. Kwa juu, kwa picha ya mita tatu, hata mimi naweza kukosea. Kwa ubavu, mtoto wa darasa la tatu hakosei: hesabu miguu aliyosimamia. Papilio husimama kwa sita. Amauris, na ndugu zake wote pamoja na Danaus na Hypolimnas, husimama kwa minne, kwa sababu ile ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani. Sijaona mtu akipiga picha ya miguu kwa hiari yake. Wote wanataka mabawa yamefunguka, mwanga wa asubuhi, na ua la kupendeza nyuma.

Hapo nifike kwa wanaojiita wataalamu. Wa kwanza ni wanaosafisha picha. Siku hizi simu nyingi, na programu za kuhariri, zikikuta ukungu hazikuachii ukungu; zinajaza. Nimeletewa bawa lenye madoa matano yaliyokaa kama vifungo vya shati. Nikaomba picha asilia, na pale penye madoa palikuwa na weusi uliotapakaa, basi. Nitumie picha mbaya, Mwalimu. Picha mbaya inajua kwamba ni mbaya. Wa pili ni wanaomtia kipepeo kwenye friji ili atulie, wakamtoa kagandamana, wakampanga juu ya jani. Kwanza ni ukatili. Pili, wamefuta nusu ya ushahidi: alikuwa kwenye mmea gani, alikaaje, alirukaje.

Wa tatu ndio hasa. Niliwahi kupewa niipitie ripoti ya tathmini ya mazingira ya mradi mmoja, sitautaja. Kiambatisho kilikuwa na jedwali zuri la vipepeo, majina ya Kilatini kwa herufi za mlalo, na katikati yake Morpho. Morpho ni vipepeo wa Amerika ya Kati na Kusini. Hajawahi kuvuka bahari kuja kunywa maji mto wowote wa Tanzania. Mtu alipiga picha kitu cha buluu, simu ikasema, naye akanakili, akapiga muhuri, akalipwa. Morpho niliikamata kwa sababu inapiga kelele. Yale majina mengine kwenye jedwali, yenye sura ya kweli, nani atayakamata? Yakishaingia kwenye orodha, anayekuja nyuma anayanakili, na baada ya miaka kumi msitu una vipepeo ambao hawajawahi kuwepo, huku waliopo kweli hawajaandikwa.

Linganisha na wafugaji wa vipepeo wa milimani huko kwenu Amani, waliokuwa wakiuza pupa nje kabla serikali haijazuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Wapo ambao Kilatini hakiwahusu, lakini ukiwaonyesha kiwavi wanauliza kwanza alikuwa kwenye jani gani. Wamemlea tangu yai, wanajua mama yake alitua wapi. Ndivyo hata wanafunzi wako wanavyoweza kumaliza ubishi wa picha ya tatu bila mimi. Hayo magugu yanayotambaa, yenye majani manene laini na maua madogo ya njano, kwa picha yanaonekana kuwa Portulaca, na hicho ni chakula cha viwavi wa Hypolimnas misippus. Danaus hana shughuli nayo. Wakague chini ya majani. Wakipata kiwavi mweusi mwenye miiba yenye matawi, wamweke kwenye chupa pana yenye kitambaa juu, majani mapya kila siku. Kiwavi wa Danaus hawezi kuchanganywa naye: ana milia mwili mzima na jozi tatu za nyuzi nyeusi zimesimama mgongoni, na pupa yake ni laini, kijani au ya waridi, yenye nukta za dhahabu.

Kwenye ubao chora Danaus wawili, mwenye ncha nyeusi na asiye nayo, chini ya jina moja. Hypolimnas mchore dume na jike pamoja, la sivyo hakuna atakayeamini.

Sasa picha ya nne. Ni wa jenasi ya Acraea, hilo naweza kusema, na ni mmoja wa wale wanaovaa sare ile ile ya Danaus. Kwa madoa yaliyotawanyika mabawani naona ni Acraea encedon au Acraea encedana. Hawa wawili walitenganishwa mwaka 1976 tu, na wanaotaka uhakika huwatenganisha kwa kutazama sehemu za uzazi kwa hadubini. Mmoja viwavi wake hula Commelina, yale majani ya maua ya buluu. Mwingine hula Desmodium, mmea wa jamii ya kunde. Picha yako ina ua la mwembe na kidole cha mwanafunzi. Andika Acraea, uache nafasi mbele yake.