Anza na bei: kwa wadogo zangu wanaotaka kuchora na kujichapishia katuni Lubumbashi

Wadogo zangu, kila mara nakutana na kijana mwenye mkono mzuri aliyeanza bede, yaani kitabu cha katuni, ya kurasa sitini, ya rangi, shujaa amevaa koti refu na nyuma yake kuna ghorofa za jiji ambalo kijana mwenyewe hajawahi kulikanyaga. Kazi inafia ukurasa wa kumi au wa kumi na mbili. Mkono wake hauna shida yoyote. Shida ni kwamba swali la bei aliliacha mpaka mwisho, na siku alipoingia kwa mchapaji akasikia hesabu, alirudi nyumbani amevunjika moyo.

Naomba muanze upande wa pili. Kwanza amua msomaji wako anaweza kutoa kiasi gani mfukoni bila kujishauri. Bei hiyo ndiyo itakayokuambia kurasa ni ngapi, rangi iwepo au isiwepo, mistari iwe minene kiasi gani, hata hadithi yenyewe iishie wapi.

Na msomaji huyo ni nani? Ni mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, anayesubiri basi. Ni kijana wa saluni ya Katuba ambaye saa nane mchana hana kichwa cha kunyoa. Ni mama anayeuza mkaa Ruashi na ana mtoto darasa la sita anayependa kusoma kwa sauti. Watu hawa wanasoma, msidanganywe na wanaosema hapa hakuna wasomaji. Ila wananunua kitabu kwa pesa ileile wanayonunulia soda na mkate, na kitabu chako kinashindana na soda hiyo.

Tupige hesabu. Tuseme fotokopi ya upande mmoja wa A4 ni faranga 100. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa 4 za A5. Kijitabu cha kurasa 16 kinakula karatasi 4, yaani pande 8, yaani faranga 800. Ukikiuza 2,000, muuzaji anapata chake, wewe unapata chako, na kinabaki kitu cha kuanzia toleo linalofuata. Ukienda kurasa 32 gharama inaruka mara mbili, lakini msomaji hatamlipa mara mbili mchoraji asiyemjua. Kurasa zinakwenda kwa nne nne, kwa hiyo hadithi ikivuka hadi ukurasa wa 17 utalipia 20. Toa jalada la mbele na la nyuma, toa ukurasa wa jina lako na namba ya simu, unabaki na kurasa 13 za kusimulia. Zinatosha kabisa kwa mtu mmoja, tatizo moja na siku moja. Anza na hapo.

Njia hii si ya kubuni leo. Kinshasa, kuanzia mwaka 1990, Papa Mfumu'eto alichora vijitabu vyake mwenyewe kwa Kilingala, akavichapisha kwa bei ndogo, vikauzwa barabarani na sokoni kwa watu wa kawaida. Miaka 25 baadaye kazi yake ilitundikwa Paris, kwenye maonyesho ya Fondation Cartier, nyumba ya sanaa ya huko. Na hapa kwetu Lubumbashi, miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akiandika maneno ndani ya picha, na wanunuzi wake wengi walikuwa watu wa mtaani waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Hao wawili walijua mteja wao anakaa wapi. Mimi nawahesabu kuwa wazee wetu wa kazi hii.

Sasa kuchora. Chora kwa ajili ya mashine itakayochapa, si kwa ajili ya macho ya rafiki anayeangalia karatasi yako halisi. Mashine ya fotokopi haijui kijivu. Kivuli cha penseli na wino uliochanganywa na maji, vitu vinavyopendeza sana mezani, vinatoka kama madoa ya mafuta. Kivuli kitengeneze kwa mistari inayokatizana au kwa nukta. Weusi mpana nao una hatari yake: poda ya mashine ikikaribia kuisha, anga yako ya usiku inatoka na michirizi. Ukiukatakata weusi huo kwa mistari myembamba myeupe, michirizi haionekani. Acha sentimita moja nyeupe kila ukingo, maana mashine nyingi za mtaani hazifiki mwisho wa karatasi, na kichwa cha mtu ulichokibandika juu kabisa kitakatwa.

Wengi tunachora kwenye A4 halafu tunapunguza hadi A5, yaani asilimia 71. Kariri namba hiyo. Mstari wa milimita 0.3 unabaki 0.2. Herufi ya milimita 5 inabaki 3.5, na mimi siteremki chini ya hapo, kwa sababu vitabu vingi vinasomwa jioni kwa mwanga wa simu, umeme ukiwa umekatika. Kabla ya kutia wino kitabu kizima, maliza ukurasa mmoja, upeleke kwenye mashine ileile utakayotumia, utoe nakala moja. Itakufundisha mengi kuliko video yoyote. Ukipata skana, chukua mistari myeusi kwa nukta 600 kwa inchi, halafu safisha kwa Krita au GIMP, ambazo ni za bure. Mambo ya rangi yaacheni kwanza.

Maneno yaandike kabla ya kuchora duara la usemi. Kitenzi cha Kiswahili ni kirefu, "hawatakuambia" peke yake linajaza mstari, na ukianza na duara utaishia kubana herufi mpaka zisisomeke. Anayesema kwanza msimamishe kushoto.

Na Kiswahili kipi? Hapa ndipo vijana wananiuliza sana, na mimi nina msimamo. Midomo ya watu waachie Kiswahili cha Lubumbashi kama kilivyo. Mtu wa Katuba akisema, "Balikuya hapa asubui, baliuliza jina yako," msomaji anasikia sauti ya jirani yake na moyo unamdunda. Ukimwandikia, "Walikuja hapa asubuhi, wakauliza jina lako," anasikia mwalimu au mtangazaji wa redio. Basi Kiswahili hicho mpe mwalimu na mtangazaji! Afisa mwenye mhuri mpe Kifaransa. Msomaji atajua nani ni nani hata kabla ya kuangalia nguo. Lakini maelezo ya kwenye visanduku, yale yanayosema "Jioni ile" au "Huku Kampemba", yaandike kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mtu wa Goma au Kigoma atakifuata. Kiswahili chetu cha mjini hakifundishwi shuleni, hivyo kila mtu anakiandika anavyotaka. Weka daftari dogo la tahajia yako. Ukiandika "asubui" ukurasa wa 3, isiwe "asubuyi" ukurasa wa 9.

Kabla ya kuchapa, mpe rasimu mtu asiyekujua na usimuulize kama imempendeza, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Angalia kidole gumba chake. Kikisita, kikarudi ukurasa wa nyuma, pale pana picha isiyoeleweka. Kikifungua haraka haraka, pale umesema maneno mengi kuliko yanayohitajika.

Kupanga kurasa kunawatesa wapya bila sababu. Chukua karatasi chakavu nne, zikunje, uandike namba 1 hadi 16, halafu uzifungue. Utaona 16 imekaa kushoto na 1 kulia, nyuma yao 2 na 15. Kurasa mbili za upande mmoja zikijumlishwa lazima zifike 17. Isipofika, umekosea, na ni afadhali ujue kabla ya nakala mia. Katika miezi ya mvua usinunue karatasi mapema: zinanyonya unyevu, mashine inavuta mbili mbili na kukwama.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya kijitabu. Ifungue mkono wake, weka kijitabu kikiwa wazi, jalada juu, juu ya kandambili kuukuu, bonyeza. Pini inaingia kwenye mpira na kusimama wima. Nyanyua kijitabu polepole, kigeuze, ulaze miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Mgongo huohuo wa kijiko upitishe kwenye mkunjo mara mbili, kitabu kitalala chini badala ya kufumuka. Mteja hajui kwa nini anakiona kina heshima, lakini anakiona.

Kuuza ni kutembea. Sogea pale watu wanaposubiri: saluni, vituo vya basi, nje ya kampasi, soko la Kenya (mtaa wetu wa hapa Lubumbashi), baada ya misa. Ukimwachia muuzaji nakala, andikeni kwenye daftari ngapi zimebaki kwake, na urudi kila wiki siku ileile. Asiyerudi atakuta vitabu vyake vimegeuka karatasi za kufungia karanga. Bei iwe kwa faranga na iwe ya noti kamili, kwa sababu chenji ndiyo inayoua mauzo madogo. Nakala za kurasa 16 ni nyepesi, karatasi ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 tu, kwa hiyo mia moja ni kilo mbili: basi la Likasi au Kolwezi linazibeba bila gharama kubwa, ukiwa na mtu wa kuzipokea.

Itafika siku shirika fulani litakuomba katuni ya kuhamasisha watu kuhusu kipindupindu au kunawa mikono. Kubali, ni kazi halali na inalipa kodi ya nyumba. Lakini usishike penseli kabla ya karatasi ya makubaliano: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, avansi (malipo ya kuanzia kazi) kiasi gani, siku ya kulipwa salio, jina lako liandikwe wapi, na michoro halisi inabaki kwa nani. Hiyo ya mwisho iandike wazi kwamba inabaki kwako. Sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 inakulinda, hata kama hukuandikisha kazi yako popote, ila sheria bila karatasi mkononi inachosha kuidai. Andikeni vilevile na rafiki yako aliyetunga hadithi. Urafiki mwingi umevunjika kwa pesa ya nakala hamsini.

Michoro halisi itunze kwenye mfuko wa plastiki, ilale, mbali na ukuta unaovuja. Makaratasi ya Papa Mfumu'eto leo yamehifadhiwa katika chuo kikuu cha Florida, Marekani, na watafiti wanayafungua. Ya kwetu mengi yamekwisha kwa panya na mvua. Weka pia nakala mbili za kila toleo ambazo hutaziuza kwa yeyote, hata akikuongezea bei.

Na toleo la pili lianze kuchorwa wakati la kwanza liko bado mezani linasubiri pini. Atakayesoma la kwanza akalipenda atakuuliza lingine linatoka lini, hapohapo barabarani, na ukiwa na kurasa nane zilizokwisha tiwa wino utaweza kumtajia mwezi.