Maswali ya Wasomaji: Dhoruba Iliyovuka Mpaka Iandikwe Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) kisiwani Ukerewe. Dhoruba ikitupiga usiku, sisi tunabaki na habari zetu, na wavuvi wa Kenya na Uganda wanabaki na zao. Nimesikia kwamba Ulaya nchi nyingi huziandika dhoruba zao mahali pamoja. Wanafanyaje, na kuna haja gani ilhali rada na setilaiti zipo?

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayowatatiza wengi. Setilaiti huona kilele cha wingu, na rada huona matone na barafu iliyomo ndani yake, lakini hakuna kati ya hizo inayothibitisha mawe ya mvua yalifika chini yakiwa na ukubwa gani, wala kwamba upepo uliezua paa la shule. Vituo vya kupimia navyo viko mbalimbali, na dhoruba ya radi yaweza kupita katikati ya viwili bila kugusa hata kimoja. Ushahidi wa kilichotokea hutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Ulaya kazi hiyo hufanywa na Maabara ya Dhoruba Kali ya Ulaya (ESSL), taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa mwaka 2006, ambayo hutunza kanzidata ya bara zima iitwayo kwa kifupi ESWD. Taarifa hutoka kwa idara za hali ya hewa, watazamaji wa kujitolea na raia wa kawaida, na zinafaa kwa sababu hupimwa kwa kipimo kimoja: jiwe la mvua huhesabiwa kuwa kubwa likiwa na kipenyo cha sentimita 2 au zaidi, saa huandikwa kwa majira ya dunia (UTC), na mtoa taarifa hueleza pia ana uhakika kiasi gani wa saa na mahali. Kisha kila taarifa hupewa daraja, kuanzia iliyopokelewa bila kuchunguzwa hadi iliyothibitishwa kikamilifu. Kwa maoni yangu madaraja hayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, kwani picha ya mwaka juzi husambazwa WhatsApp leo ikidaiwa kuwa ya jana.

Faida yake ilionekana tarehe 18 Agosti 2022. Dhoruba ya upepo ilikipiga kisiwa cha Corsica, Ufaransa, kwa kasi iliyozidi kilomita 220 kwa saa, ikapita kaskazini mwa Italia, ikaingia Slovenia na Austria, ikafika hadi Jamhuri ya Cheki. Watu 12 walifariki. Ukisoma taarifa za kila nchi peke yake, utadhani ni ajali tano tofauti. Ukizipanga pamoja kwa kufuata saa, unaona dhoruba moja iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,000, ambayo kila nchi ingeweza kumwonya jirani aliyefuata.

Ziwa Victoria lina sababu kubwa ya kufanyiwa hivyo. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka kandokando kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda na kujenga mawingu ya radi, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Mara nyingi upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi, bila kujali maji ni ya nchi gani. Mbaya zaidi, katikati ya ziwa mashahidi ni wachache, kwa hiyo daftari tupu lisichukuliwe kuwa ni dalili ya usiku mtulivu. Wanaorudi mwaloni asubuhi waulizwe walichokiona.

Mnaweza kuanza na daftari la BMU, nakala ikipelekwa kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kwa vikundi wenzenu wa ng'ambo. Andikeni upepo ulitoka upande gani, ulidumu muda gani, ulivunja nini. Mawe ya mvua yapigwe picha kando ya rula kabla hayajayeyuka. Saa hazitawasumbua, kwa kuwa nchi zote tatu zina majira mamoja, ila tarehe zitawasumbua: "usiku wa Jumanne" huyu huuelewa kuwa ni wa kuamkia Jumanne, na yule kuwa ni wa kuamkia Jumatano. Andikeni tarehe zote mbili, ule usiku ulipoanza na ulipokucha.