Jibu kwa aliyeuliza kuhusu chanzo kipya cha maji pwani: msikimbilie kuchimba kirefu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mji wenu uko ufukweni, mvua zimekataa misimu miwili mfululizo, visima vya zamani vinakauka, na kamati ina mapendekezo mawili mezani: kisima kirefu kimoja chenye pampu kubwa, au mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Unauliza lipi bora. Kwa hali uliyoieleza, mimi nisingeanza na lolote kati ya hayo. Hilo la kwanza nimeshalifanya kwa mikono yangu, na nikaliharibu.

Nilikuwa fundi pampu wa mradi wa jamii. Tulichimba mita 60 hivi, umbali wa kutembea tu kutoka baharini. Mkandarasi akajaribu pampu kwa saa 6, maji yakatoka maangavu na matamu, akaandika kwamba kisima kina uwezo mkubwa, akafungasha vyombo vyake akaondoka. Mimi ndiye niliyewasha pampu kila alfajiri. Mwaka wa kwanza raha tupu. Kiangazi cha pili akina mama wakaanza kulalamika kwamba sabuni haitoi povu, nami nikawajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni sabuni za siku hizi. Aibu hiyo bado ninayo. Tangi likipungua tuliongeza saa za kusukuma, na kadiri tulivyosukuma ndivyo chumvi ilivyopanda, mpaka tukakizima. Zilipita mvua tatu ndipo maji yake yakarudi kunyweka.

Baadaye ndipo mtaalamu wa maji ardhini aliponikalisha chini akanichorea mchangani. Kule chini hakuna ukuta kati ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na bahari. Maji baridi ni mepesi kidogo, kwa hiyo yanaelea juu ya maji chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko baridi kwa asilimia 2.5 hivi tu, na tofauti hiyo ndogo inazaa hesabu ya kutisha: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imekalia mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Wataalamu huiita kanuni ya Ghyben-Herzberg. Sasa igeuze. Ukishusha maji ya ardhini kwa nusu mita na kuyaacha hapo, mpaka wa chumvi unataka kupanda mita 20. Ni hesabu ya maji yaliyotulia, na ardhi yenye tabaka za mfinyanzi au mawe inaweza kuchelewesha au kupindisha mambo, lakini mwelekeo ndio huo. Chini ya pampu yenyewe chumvi huinuka kwa umbo la kichuguu, na pampu kubwa hujenga kichuguu kirefu.

Wala haihitaji chumvi nyingi kuharibu kisima. Lita 1 ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Asilimia 3 tu ya bahari ikiingia kisimani umeongeza gramu 1 kwa kila lita, na hapo wengi watatema. Kwa hiyo mtu akikwambia "tukishuka zaidi tutapata maji zaidi", muulize ni maji gani.

Turudi kwenu. Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kuumbuka kilikuwa cha kipuuzi kwa macho: usiku wa manane, watu wamelala, nilipima kina cha tangi, nikarudi baada ya saa 4 nikapima tena. Maji yalishuka karibu robo wakati hakuna aliyefungua bomba. Jasho letu lilikuwa linanywewa na mchanga. Tulifukua maungio, tukabadilisha vali mbili na kipande cha bomba, na hapo ndipo tulipopata "chanzo kipya" chetu cha kwanza bila kuchimba shimo. Najua kamati hazipendi habari hii kwa sababu hakuna utepe wa kukata.

La pili, badala ya kisima kimoja kirefu tulichimba vinne vifupi, mbali zaidi na bahari na vikiwa vimeachana, kila kimoja na pampu ndogo inayofanya kazi kwa zamu. Wazo ni kuengua maji baridi juu juu kama unavyoengua mafuta kwenye supu, usiitibue chini. Kile kirefu tulikiziba sehemu ya chini kwa saruji na kukiacha kiwe cha kupimia tu. Maji kwa siku yalikuwa machache kuliko ahadi ya mkandarasi, ila yalidumu kiangazi kizima.

La tatu ni kurudisha. Ukichota pwani bila kurudisha, bahari italipiza kwa niaba ya ardhi. Amsterdam, Uholanzi, walianza kuchota maji kwenye matuta ya mchanga ya pwani mwaka 1853, wakazidisha, chumvi ikaanza kupanda kwenye visima vyao. Kuanzia 1957 wakawa wanaleta maji ya mto Rhine, wanayasafisha kwanza, wanayazamisha kwenye matuta, kisha wanayachota tena. Ninyi hamna Rhine, lakini kama kuna korongo linalojaa siku chache kwa mwaka na kumwaga kila kitu baharini, vizuizi vidogo vya kulipunguza kasi, upande wa juu wa visima vyenu, vinaweza kuzamisha sehemu ya mafuriko hayo. Sharti ardhi iwe ya kunyonya. Kwenye mfinyanzi mtafuga mbu.

Maji taka nayo myajadili bila kukunja pua. Orange County, California, tangu miaka ya 1970 wanasafisha maji taka hadi kiwango cha juu na kuyasukuma ardhini kupitia safu ya visima karibu na pwani, ili yawe ukuta wa maji baridi unaoizuia bahari. Windhoek, Namibia, ambayo haiko pwani, imekuwa ikirudisha maji taka yaliyosafishwa kwenye mabomba ya kunywa tangu 1968. Hiyo inadai maabara na wataalamu kila siku, mji mdogo hauiwezi. Kinachowezekana ni kumwagilia bustani na miti kwa maji yaliyosafishwa kiasi, ili yale matamu yabaki ya kunywa.

Mvua ya paa siisemi sana, inajulikana. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ondoa kama moja ya tano inayopotea. Kwa shule au zahanati yenye paa kubwa ni kichekesho kutokuwa na tangi.

Sasa huo mtambo wa kuondoa chumvi. Siupingi. Bahari haikauki, na miji kama Perth, Australia, iliyowasha mtambo wake mkubwa wa kwanza mwaka 2006, imeona faida yake. Lakini kamati ijue inanunua umeme ulioyeyushwa. Kusukuma maji ya bahari yapite kwenye utando unaochuja chumvi kunahitaji shinikizo la bar 55 hadi 70 (bar 1 ni kama shinikizo la hewa inayotuzunguka), na kila mita 1 ya ujazo itakula uniti 3 hadi 4 za umeme. Katika lita 100 mnazovuta mtapata 40 na ushee. Zinazobaki zina chumvi karibu mara mbili ya bahari, na mkizirudisha kwenye ghuba iliyotulia wavuvi watawajia. Umeme wenu ukikatika kila kiangazi, mtambo utakatika siku hizo hizo. Na mvua zikirudi? Melbourne, huko huko Australia, walikamilisha mtambo mkubwa mwaka 2012, ukame ukawa umeshaisha, ukakaa hadi 2017 ndipo ukapeleka maji ya oda ya kwanza, huku watu wakiulipia muda wote. Kama visima vyenu vina chumvi ya wastani, mtambo mdogo wa kusafisha maji hayo unakula umeme kidogo sana kuliko wa bahari. Huo ningeufikiria, kwa maji ya kunywa peke yake.

Kabla ya kikao kijacho, azima kipimo cha chumvi cha mkononi, kile kinachosoma mikrosimensi, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba inapanda. Bahari husoma kama 50,000. Maji mazuri mara nyingi yako chini ya 1,000. Pima kila kisima asubuhi kabla pampu haijawashwa, kisha pima tena baada ya saa 3 za kusukuma. Andika pia umbali kutoka ufukweni na kina cha maji. Kisima ambacho namba ya pili imepanda kuliko ya kwanza ndicho ninachotaka kukisikia. Lete namba humu tuzisome pamoja, na mkandarasi umwambie asubiri.