Difu ya Altezza: bushi za mpira au za alumini?

Mdogo wangu, umesema hiyo Toyota Altezza yako umeifunga tabo (turbo), unaiendesha kila siku kwenda kazini Pongwe, na fundi anataka kutoa bushi zote za difu (vile vishikio vya mpira vinavyoishika ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa matairi) aweke za alumini. Usikubali haraka.

Alumini haina simile: difu haitikisiki, nguvu inafika kwenye matairi mara moja, na ile mirukoruko ya nyuma ukiondoka kwa kasi inapungua. Ila mpira ndio uliokuwa unameza sauti ya gia. Ukiutoa, mvumo wote unapanda kwenye bodi. Muheza hadi Segera utaongea na abiria kwa kupaza sauti. Tena mishtuko yote inaishia kwenye fremu ndogo ya nyuma, ile inayoibeba difu.

Kwanza inyanyue gari, iweke kwenye stendi, utikise difu kwa mtaimbo. Mpira ukiwa umechanika au umelowa oili, ile "ko!" unayoisikia ukiachia pedali ya mafuta huenda inatoka hapo. Weka mpira mpya, au poliurethani ukitaka ugumu wa kati. Alumini waachie wa mashindano. Na maunti (vishikio) za injini na gia boksi zikiwa zimelegea, bushi za difu utazilaumu bure.