Kabla hamjaomba lami: yaliyotupata mtaani kwetu Kigoma

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini katikati ya mji wa Kigoma kunawekwa lami na taa za barabarani, ilhali mtaani kwenu, ambako wakati wa mvua bajaji huishia njia panda na mgonjwa hubebwa mgongoni, hakijafika hata kifusi. Na umeuliza pia kama barua yenu muipeleke kwa mkurugenzi, kwa diwani au kwa mbunge. Nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa upande wa Gungu tangu uchaguzi wa Desemba 2014 hadi ule wa 2019, na baada ya hapo nikabaki kwenye kamati ya barabara ya mtaa, kwa hiyo nitakujibu kwa yale yaliyotupata sisi, makosa yetu yakiwemo. Vyama naomba tuviache pembeni, maana Kigoma tukianza vyama uzi huu utafungwa kabla ya magharibi.

Kwanza, sehemu kubwa ya lami unayoiona mjini haikutoka kwenye mfuko ambao mtaa wenu ungeweza kuugusa. Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa miji ya ule mradi wa miji ya kimkakati, TSCP, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na miji kama Tanga, Arusha, Mbeya na Mtwara. Siku hizi kuna mradi mwingine wa namna hiyo, TACTIC, wenye miji 45, ambao umewagusa hata jirani zetu wa Tabora. Fedha za namna hiyo huja na barabara zake zilizokwisha kusanifiwa na masharti yake, na diwani hana uwezo wa kuzihamisha zikachonge njia ya mtaani kwenu. Kumlaumu kwa hilo ni kumwonea, ingawa yapo mengine mnayoweza kumlaumu kwa haki.

Mfuko unaowahusu ninyi ni Mfuko wa Barabara, ule wa tozo ya mafuta, na hapo ndipo watu wengi wanapojichanganya. Mpaka katikati ya 2017 barabara za ndani ya manispaa zilikuwa chini ya mhandisi wa halmashauri, lakini kuanzia Julai mwaka huo zilihamia TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyo chini ya TAMISEMI, na meneja wake si mtumishi wa mkurugenzi wa manispaa. Sheria ya Mfuko wa Barabara inataka asilimia 90 au zaidi ya fedha zake ziende kwenye matengenezo, jambo linaloeleza kwa nini ukiomba lami mpya unaambiwa fedha hakuna na ukiomba kalavati unaambiwa tuone. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi, na kila jimbo likatengewa milioni 500. Ni fedha nyingi kwa kuzisikia. Lakini jimbo la Kigoma Mjini lina kata 19, na ukizigawa sawasawa kila kata haifikishi milioni 27.

Sasa yetu. Mwaka 2016 tuliandika barua kwa mkurugenzi tukiomba lami kwenye njia yetu ya takribani mita 600, inayoshuka kutoka barabara kubwa hadi bondeni. Barua ilikuwa na sahihi zaidi ya mia mbili na maneno mazito kuhusu haki ya mlipakodi. Ilikaa. Tulipokwenda kuifuatilia mwaka uliofuata tukaambiwa kwamba barabara zimehama ofisi. Tulipokwenda kwenye ofisi mpya tukaambiwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria, kwamba njia yetu haikuwamo kwenye orodha ya barabara zinazotambuliwa. Kwa lugha ya hesabu ilikuwa ni nafasi iliyobaki kati ya nyumba na nyumba. Barabara isiyo na namba haiingii kwenye mpango, na isiyoingia kwenye mpango haipati hata greda la kupita mara moja, hata kama watu elfu wanaitumia kila siku. Kwa hiyo, kabla ya yote, nendeni mkaulize kama njia yenu imesajiliwa na kwa jina gani, maana ya kwetu ilikuja kuandikwa kwa jina ambalo hakuna mkazi anayelijua.

Aliyetutoa kwenye wimbo wa lami ni mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye kwenye mikutano alikuwa akikaa nyuma kabisa bila kusema neno. Mvua za Machi 2018 alituita mimi na mwenyekiti wa mtaa nyumbani kwake saa kumi na mbili asubuhi, tukamkuta amevaa mabuti, ameshika vijiti vya mianzi alivyovifunga vitambaa vyekundu. Alikuwa amevichomeka kwenye korongo lililochimbwa na maji njiani kwetu tangu Novemba, kila baada ya hatua kumi, na kitambaa kimekaa usawa wa ardhi ya siku ile. Sasa vitambaa vilikuwa vinaning'inia hewani, kimoja juu ya goti langu, na vijiti vinne vya chini havikuwepo kabisa. "Wanangu," akasema, "mimi nimehudumia tuta la reli miaka thelathini, sijawahi kuona treni likivunja tuta. Maji haya mtayapeleka wapi?" Tukasimama kwenye mvua tukayatazama: yalikuwa yanatoka kwenye mtaro wa barabara kubwa, ambao unaishia ghafla mdomoni mwa njia yetu, yanashuka katikati ya njia kwa sababu hayana pengine pa kupita, kisha yanakata kona kwenye ukuta wa msikiti. Tungepewa lami mwaka ule, ingeondoka na vile vijiti vinne.

Tulibadili maombi. Badala ya lami tukaandika kalavati moja pale juu, mtaro wa mawe mita 180 upande wa kushoto, na changarawe iliyoshindiliwa kwenye sehemu korofi tu. Maneno haya yana uzito wake, kwa sababu matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu na matengenezo ya sehemu korofi ni mafungu tofauti kwenye bajeti, na ombi linalotaja fungu lake husomwa na mhandisi, wakati ombi linalosema "tunaomba mtusaidie barabara" huishia masijala. Tuliambatanisha picha za vijiti. Tukahesabu pia kwa siku tatu, tangu alfajiri hadi magharibi, watu, baiskeli, bodaboda na wanafunzi wanaopita, kazi ambayo vijana wetu wawili wa kidato cha nne waliifanya kwa daftari la kuchora mistari, na nina hakika lile daftari lilitusaidia kuliko zile sahihi mia mbili.

Upana wa njia ndio uliotutesa. Ili isajiliwe ilibidi iwe na nafasi ya gari na mtaro, na nyumba mbili zilikuwa zimeingia njiani: moja kwa ua wa michongoma, nyingine kwa banda la jiko la mama mmoja mjane anayekaanga mihogo na dagaa wa kuuza. Fidia haikuwepo. Mkutano wa hadhara ulipitisha kwa mikono mingi kwamba banda liondoke, na nakiri kwamba ni rahisi sana mkono kunyooka pale jiko linapokuwa la mwingine. Mama yule alisimama akasema, "Sawa, nimesikia. Na kesho nikaangie wapi?" Kikao kikanyamaza. Mwishowe majirani walichanga mabati sita na matofali, tukamjengea banda jipya nyuma ya nyumba, lakini huko nyuma wateja hawamwoni kama zamani, na mpaka leo sina hakika kama tulimtendea sawa. Ninyi mkifika hapo, hilo andikeni kwenye muhtasari pamoja na namna mtakavyolilipa, kabla ya kupiga kura.

Muhtasari wa mtaa ulipelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hapa ndipo diwani ana kazi ya kweli, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wake. Kosa letu la pili lilikuwa la muda: tuliupeleka Februari, wakati makisio ya mwaka unaofuata yalikuwa yamekwisha kukusanywa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele huokotwa kuanzia Oktoba na Novemba, kisha mambo hupanda hadi Kamati ya Ushauri ya Wilaya na Bodi ya Barabara ya Mkoa, na bajeti inaposomwa bungeni mlango wa mtaa ulishafungwa zamani. Tukasubiri mwaka mzima. Mbunge mnaweza kumwandikia pia, lakini nakala tu, iliyoambatanishwa na muhtasari wa kata.

Fedha yetu ilipatikana mwaka wa 2021/22. Kazi ilichelewa kuanza, ikaangukia Novemba, na kwa hali ya hewa yetu kumwaga changarawe Novemba ni kuilisha mvua. Kiangazi chetu ni Juni hadi Septemba, na mkataba ukisainiwa nje ya hapo piganieni angalau mawe yatangulie changarawe. Mkandarasi aliweka kalavati vizuri, ila mdomo wa kutokea maji hakuujengea mawe, na ndani ya wiki tatu maji yakachimba shimo la kumzamisha mtoto. Tulipiga picha, tukaandika tarehe, tukapeleka kwa mhandisi kabla kipindi cha uangalizi, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, hakijaisha, na mkandarasi akarudishwa kwa gharama zake. Tungechelewa, lile shimo lingekuwa ombi jipya.

Ukitaka cha kuonyesha kwenye kikao chenu, mkoa wetu unajulikana kwa madaraja ya mawe ya upinde, teknolojia tuliyoipata kwa ushirikiano na Wabelgiji, ambayo haihitaji nondo na hutumia mawe na mafundi wa hapahapa. Kwa korongo pana ni hoja nzuri kuliko kuomba daraja la zege.

Lami bado hatuna. Bajaji inafika hadi bondeni mvua ikinyesha, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi nyumba tano kwa zamu huzoa mchanga kwenye kalavati. Isipozolewa miezi miwili, maji yanarudi katikati ya njia. Kama una picha za korongo lenu ziweke hapa, ila msimamishe mtu au jembe kando yake ili urefu uonekane, na useme mtaro wa juu unaishia wapi. Rasimu ya barua nitakuandikia mwenyewe.