Barua kwa mwanangu: Mzee unayemhudumia si lodi

Njoro

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unasema kwenye makao ya wazee unakofanya kazi huko Uingereza yupo mzee ambaye faili lake lina neno "Sir" mbele ya jina na herufi "Bt" mwishoni. Ulimwita lodi, binti yake akakusahihisha kwa upole. Kisha akakuambia kwamba baba yake akifa, cheo kitakwenda kwa binamu aliyeko Australia ambaye hajawahi kufika kumjulia hali, ilhali yeye, mtoto wa pekee, huja kila Jumamosi kumkata kucha na kumsomea gazeti. Ukaniuliza: "Baba, hicho ni cheo gani, na kwa nini binti hapati?"

Herufi hizo ni kifupi cha baroneti. Malodi wana ngazi tano: duki, markizi, erli, vaikaunti na baroni. Kwa karne nyingi ngazi hizo ndizo zilizompa mtu kiti katika Bunge la Malodi, mpaka sheria ya 1999 ilipowaondoa wengi wao na kuwabakiza 92. Baroneti yuko chini ya wote hao, na ubaroneti haujawahi kumpa mtu kiti bungeni. Lakini cheo chake kinarithiwa, na hapo ndipo anapoachana na Sir Alex Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United, ambaye kaka zako wanamjua kuliko wanavyomjua chifu wetu. Sir Alex alipewa heshima yake mwaka 1999, Manchester United ilipotwaa mataji matatu, na itakwisha naye. Mwanawe Darren ni Darren tu. Mume wa Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, yaani Denis, yeye alipewa ubaroneti mwishoni mwa 1990. Alipofariki 2003, mwanawe akawa Sir Mark siku ile ile. Kabla ya huo wa Denis, vyeo vya namna hiyo vilikuwa havijatolewa tangu 1964.

Mzee wako muite Sir na jina lake la kwanza, kama tunavyosema Sir Alex na si Sir Ferguson. Mkewe, kama yuko hai, ni Lady na jina la ukoo. Binti yao hana kitu mbele ya jina.

Cheo chenyewe kilianza kwa kuuzwa, na hilo nataka ulijue vizuri. Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza alikuwa na hazina tupu, naye alihitaji askari wa kuwalinda walowezi aliokuwa akiwapeleka Ulster, kaskazini mwa Ireland, kwenye ardhi waliyonyang'anywa wenyeji. Neno walowezi sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kamusi kulielewa. Akatangaza kwamba bwana mwenye mapato ya ardhi yasiyopungua pauni 1,000 kwa mwaka, na ambaye babu yake alikuwa na nembo ya ukoo, anaweza kuwa baroneti akigharamia askari 30 kwa miaka mitatu. Kila askari alilipwa peni 8 kwa siku. Hesabu hii nilikuwa nawafanyisha wanafunzi wangu ubaoni: pauni ya zamani ilikuwa na peni 240, kwa hiyo askari 30 walikula pauni moja kamili kwa siku, na miaka mitatu ikawa pauni 1,095. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei. Ukiona nembo yake ina mkono mwekundu, huo ni mkono wa Ulster.

Baadaye bei ikaporomoka. Mwaka 1625 mwanawe, Charles, akafungua daftari jingine kwa ajili ya Nova Scotia, nchi iliyo Canada ya leo. Wanunuzi walipewa ardhi ng'ambo ya bahari, na ili wasihangaike kusafiri, kipande cha uwanja wa ngome ya Edinburgh kikatangazwa kuwa ni Nova Scotia, wakakabidhiwa mashamba yao pale pale.

Sikuandikii haya ili umdharau mzee. Yeye hakununua kitu, na hilo ni jina lake. Mpe.

Sasa suala la binti. Kila ubaroneti una hati yake ya kuanzishwa, na karibu zote zinasema warithi wawe wanaume kupitia wanaume. Mwana asipokuwepo, cheo kinapanda juu hadi kwa babu au babu wa babu, kisha kinashukia tawi jingine la wanaume, hata likiwa Australia. Binti anarukwa, na wanawe pia wanarukwa. Mtoto wa kuasili naye hapati. Ufalme wenyewe walishaurekebisha: kwa sheria ya 2013, iliyoanza kutumika 2015, Charlotte, binti wa Mwanamfalme William, anabaki mbele ya mdogo wake wa kiume, Louis. Baroneti hawakuguswa.

Kuna kisa cha hapa hapa kwetu kinachoonyesha jinsi jambo hili lilivyo la karatasi. Januari 1941, erli wa 22 wa Erroll alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen, Nairobi. Aliyeshtakiwa alikuwa baroneti, Sir Jock Delves Broughton, na mahakama ikamwachilia. Watu husimulia mapenzi na bastola. Mimi nilivutiwa na yaliyofuata. Uerli wa Erroll, ambao ni wa Uskoti na unaruhusu wanawake, ulikwenda kwa binti yake Diana mwenye miaka 15. Ubaroni wa Kilmarnock, cheo kingine cha marehemu huyo huyo, ambao hati yake inataka wanaume, ulimruka Diana ukaenda kwa baba yake mdogo. Maiti ni moja na mtoto ni yule yule. Huyo mama anayekuja Jumamosi mwambie hivyo, pengine itamliwaza.

Swali lako limenifikisha mahali ambapo wewe hukupataja, mama. Shangazi yako alimuuguza babu yako miaka minne. Alimwogesha, akambeba mgongoni hadi zahanati. Babu alifariki kabla sheria ya urithi haijaanza kutumika mwaka 1981, wazee wakakaa chini ya mti, shamba likagawanywa kwa wavulana watatu. Nilipokea sehemu yangu nikanyamaza. Nimefundisha historia ya wafalme wa watu miaka 31, na hilo sikuwahi kulisema kwa sauti mbele yake.

Nimelisema Jumanne. Mpima ardhi alikuja juzi akaweka vigingi. Ekari moja ya upande wa barabara, penye kisima, ni ya shangazi yako, na hati miliki itatoka kwa jina lake bodi ya ardhi ikishatoa kibali. Iliyobaki mtagawana sawa wewe na kaka zako. Nimewaita na wameridhia. Shangazi hakusema mengi. Alizunguka vigingi vyote vinne kwa miguu, akarudi akaniuliza miche ya parachichi siku hizi inauzwa bei gani.

Wako,
Baba